Asali ya Waziri

Mwanasha binti Rai wa Bongwe hakuwa mtu wa kufumbwa macho. Kiangazi cha mwaka wa hamsini na sita minazi yake michanga iliteketea yote, na kila aliyekuja kumpa pole alikuja na neno lile lile la Kizungu: bush fire. Aliyelileta ni nduguye mdogo, Waziri, karani wa afisi ya serikali kule Kwale. Aliwaambia wazee kwamba moto mkubwa wa porini Wazungu huuita hivyo, hujiwakia wenyewe kwa jua, hauna mwenyewe. Wazee wakaitikia. Kizungu nacho, nani akibishie?

Mwanasha hakuyameza. Kwao, mtu akitaka kuchoma shamba hupita nyumba hadi nyumba kuaga, na majirani huja na matawi mabichi kuuzuia moto usivuke. Safari hii hakuaga mtu. Na moto gani wa porini, jamani, unaoteketeza shamba lililopaliliwa, pori lenyewe ukaliruka?

Roho ilimuuma, kwani ardhi aliirithi Waziri. Haki yake yeye ni minazi aliyoipanda kwa idhini ya marehemu baba yao. Minazi ikiwa hai, haondoki. Ikifa, afungashe virago. Akamshuku Chome, jirani wa mpakani, hata salamu zake akawa haziitikii. Maskini Chome wa watu!

Ijumaa baada ya swala, Waziri akaja na bakuli la asali, kumliwaza dada yake. Mwanasha akalifunua. Masega mazima, yamenona. Akakumbuka mizinga ya Waziri iliyokuwa imetundikwa kwenye mkanju katikati ya minazi ile, na mkanju wenyewe sasa ni kaa tupu.

"Hii si ya mizinga yako ya mkanjuni?"

"Ndiyo, dada. Kwa bahati nilikuwa nimeihamisha."

"Lini?"

Waziri akaanza kueleza tena habari za jua kali na nyasi kavu, na bush fire yake.

"Kumbe nyuki walijua bush fire yaja," alisema Mwanasha, "wakakutuma wewe uwahamishe. Mimi nduguyo hukuniaga."

Akalifunika bakuli kwa kawa, akajitanda leso, akatoka nalo kwenda kwa wazee. Waziri alimwita dada, dada, hakugeuka. Ila alipitia kwanza kwa Chome, kumwitikia salamu.