Luhaga Alipoacha Gitaa Akavaa Gauni

Kwandu ndiye aliyemshonea mumewe gauni. Watu wa Sapiwi walisema mengi mwaka ule: kwamba Luhaga karogwa, kwamba kanyweshwa kitu huko Maswa, kwamba gauni limetoka Mwanza kwa mwanamke mmoja tajiri. Uongo mtupu. Lilikuwa gauni la mitumba, la kijani, lenye sponji mabegani. Kwandu alilichagua mwenyewe gulioni, akalifumua ubavuni na kuongeza kipande cha pazia, kwa sababu Luhaga alikuwa na mgongo mpana wa mtu wa jembe.

Kabla ya gauni, Luhaga alipiga gitaa kwenye bendi ya ushirika. Enzi hizo bendi ilikuwa na lori lake, jenereta lake na sare, na kila msimu wa pamba ilizunguka vituoni kuwapigia wakulima waliokuja kuuza. Kiongozi wake aliitwa Januarius. Alikuwa mwimbaji mzuri na mtu mbaya. Mpigaji akikosea, Januarius hakumgombeza. Alisimamisha wimbo, akamwita mbele, akampa kipaza sauti aombe radhi kwa umati. Luhaga aliomba radhi hivyo mara mbili. Mara ya pili kosa lilikuwa la Januarius mwenyewe.

Walikuwa na mtoto, Felisita, wa miezi minane. Siku aliposhikwa na homa, Luhaga alikuwa na bendi Maswa. Kwandu alimfunga mtoto mgongoni, akapanda nyuma ya baiskeli ya shemeji yake Mayala, wakaenda Bariadi hospitali. Mtoto alifia njiani, mgongoni, na Kwandu hakujua. Alifika, akapanga foleni na wenzake, akawa anampigapiga matakoni na kumwambia, "Tumeshafika, mama, tumeshafika, tulia." Mwanamke wa nyuma yake ndiye aliyemgusa bega. Alimwambia, "Mayu, mama yangu, hebu mshushe huyo mtoto."

Dereva wa lori la pamba alipeleka habari Maswa siku ileile, mchana. Alimkuta Januarius, akamweleza, na Januarius akaitikia vizuri tu. Dansi likapigwa mpaka mwisho. Walipokuwa wanakunja nyaya ndipo alipomwita Luhaga pembeni.

"Mtoto wako amefariki. Nilikaa na habari kwa sababu ungeniharibia nyimbo."

Luhaga alipofika Sapiwi alikuta kaburi limeshafukiwa na watu wanaongea habari za mvua.

Kwandu alidhani mumewe ataacha bendi wiki ileile. Hakuacha. Kazi nyingine haikuwepo. Akawa anaamka, anavaa sare, anakwenda kumpigia gitaa mtu yule, na Kwandu anamfulia sare ile. Miaka miwili. Jumapili Kwandu akipiga magoti kanisani hakuomba roho ya kusamehe. Alimwomba Mungu kitu kimoja, amwone Januarius anaimba na hakuna mtu anayemsikiliza. Hilo tu. Aliliomba kwa bidii kama watu wanavyoomba mtoto.

Halafu serikali ikaruhusu kila mwenye uwezo anunue pamba. Wakaja wanunuzi wapya na mizani zao, wakaweka vituo mkabala na vya ushirika. Lori la bendi likaharibika, halikutengenezwa. Sare zikachakaa. Siku moja jenereta lilizimika katikati ya dansi, pale Bariadi, watu wakaanza kupiga miluzi. Luhaga aliazima kitenge cha mama mmoja aliyekuwa karibu, akajifunga, akaanza kuigiza mwanamke anayebishana na karani wa mizani. Aliigiza vile mwanamke anavyoshika kiuno kabla hajasema neno la kwanza. Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Januarius alimfuata, akamchapa kofi mbele yao.

"Bendi yangu haina vichekesho. Na haina wanawake wenye ndevu."

Luhaga alilaza gitaa chini, polepole, lisipate mkwaruzo maana halikuwa lake, akaondoka. Alitembea kwa miguu mpaka nyumbani. Kitenge cha watu alikuwa bado amekifunga.

"Umeacha?" Kwandu alimuuliza mlangoni.

"Nimeacha."

"Hicho kitenge je?"

"Sijui," alisema Luhaga. "Nilisahau kukivua."

Lakini Kwandu alimtazama vizuri akaona hakusahau. Ndipo kesho yake akaenda kwenye mitumba.

Siku ya kulipima lile gauni, Luhaga alisimama katikati ya chumba amempa mgongo, naye Kwandu akawa anabana pindo kwa pini. Hapo ndipo alipomsimulia habari za baiskeli na foleni. Miaka miwili alikuwa hajasema. Labda ni kwa sababu hakuwa anaona uso wake, au labda kwa sababu mgongo ule wa kijani haukufanana na wa mume wala wa mtu yeyote. Alieleza yote, jinsi alivyoshika, jinsi alivyopiga, maneno aliyosema. Luhaga hakugeuka. Alisimama kama anavyosimama mtu anayepimwa nguo.

Akaanza kwenda magulioni. Alijiita Mama Wilhelmina. Kifuani alijaza pamba yenye mbegu, ikawa inamwasha mpaka anajikuna huku anaigiza, na watu wakadhani kujikuna ni sehemu ya mchezo. Viatu vya kike vya mguu wake havikupatikana, kwa hiyo chini ya gauni alivaa katambuga za matairi. Akiwa nyumbani, hata siku isiyo na gulio, Kwandu alimkuta mara kadhaa uani amelivaa, hachekeshi mtu, anatembea tu. Mabega yake yalikuwa yametulia. Kwandu alirudi ndani akamwacha.

Majirani hawakunyamaza. Klementina wa nyumba ya pili alikuwa hodari kuliko wote.

"Mwangaluka, Kwandu. Mke mwenzio kaamkaje?"

"Kaamka salama."

"Leo nani anapika, wewe au yeye?"

"Njoo uone mwenyewe."

"Nije? Na akinikuta amevaa gauni zuri kuliko langu, niuweke wapi uso?" Klementina akacheka peke yake, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Lakini sema ukweli, mdogo wangu. Mwanamume ameacha gitaa kwa ajili ya matiti ya pamba. Utaitwa nani wewe?"

Kila alipotukanwa Kwandu alijiambia kwamba kila anayemcheka Luhaga ni mtu mmoja aliyepungua kwa wasikilizaji wa Januarius.

Mwezi wa sita alikuja Hilali, mfanyabiashara wa Bariadi mwenye duka la vitambaa, ambaye sasa alikuwa ananunua pamba. Alisimama uani, hakutaka kukaa.

"Jumamosi ni gulio la Nkololo," alimwambia Luhaga. "Nitaweka mizani upande wa chini, ushirika watakuwa upande wa juu, na wanaleta bendi. Wewe utasimama kwangu. Watu wakija kwako, pamba inakuja kwangu. Wakienda kule, bwana, tutaachana. Mimi siajiri mtu kwa huruma."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Huko ndivyo mbina, ngoma za mashindano, zinavyochezwa baada ya mavuno tangu zamani. Makundi mawili yanasimama uwanja mmoja, yanaanza kwa wakati mmoja, na hakuna jaji. Watu wenyewe wanahukumu kwa miguu. Wanakimbilia anayewafurahisha, akipoa wanakimbilia mwenzake, huku na huku, mpaka jioni, na aliyebaki na uwanja mtupu ndiye aliyeshindwa. Atachekwa mwaka mzima.

Januarius alisikia. Alituma salamu kwa mdomo wa Mayala: "Mwambie ndugu yako akishindwa nitampokea. Gitaa limeshapata mtu. Atabeba spika."

Jumamosi ilikuwa na vumbi na jua kali. Kwandu alisimama upande wa chini, karibu na mizani ya Hilali, Klementina ubavuni mwake maana hakuna mtu aliyetaka kukosa. Bendi ilianza. Spika zilikuwa mbovu lakini sauti ya Januarius ilikuwa ileile, na watu wote walikuwa kule. Luhaga akatoka na gauni lake akaanza na karani wa mizani. Wakaja wachache. Akafanya mama mkwe aliyelewa. Wakaja wengi, wakacheka, nusu ya uwanja ikawa yake, na Kwandu akahisi moyo unamwenda mbio kama wa msichana.

Ndipo Januarius aliponyamazisha ngoma.

"Jamani wa Nkololo! Yule mnayemwona pale ni mume wa mtu. Mkewe yupo! Kwandu, mayu, njoo umchukue mumeo, umvalishe suruali. Au wewe ndiye unayeivaa?"

Uwanja mzima uliangua kicheko. Vichwa viligeuka kumtafuta Kwandu, na Klementina, Mungu amsamehe, akanyoosha kidole kumwonyesha. Bendi ikapiga wimbo wa haraka. Watu wakaanza kukimbia kwenda juu, watoto kwanza, kisha vijana, kisha wenye mafurushi. Kwa Mama Wilhelmina wakabaki watu kama kumi.

Hilali alisogea akamwambia Luhaga karibu na sikio, lakini Kwandu alisikia.

"Fanya kitu au vua."

Luhaga alisimama na mikono chini. Jasho lilikuwa limechora mistari kwenye poda. Alitazama uwanja ulivyokuwa unaondoka. Kisha akaenda kwenye rundo la pamba, akachukua furushi dogo, akalifunga mgongoni kwa khanga, akakaa nyuma ya baiskeli ya mkulima mmoja iliyoegemezwa kwenye gogo.

Akaanza kusafiri. Baiskeli haikwenda popote lakini mwili wake ulikwenda. Uliruka kwenye mashimo, ukainama kwenye kona. Mama Wilhelmina alimgombeza mwendeshaji asiyekuwepo, "Shemeji, umeona shimo ukalifuata?" Wale kumi walicheka. Kwandu pia alicheka, na kwa sauti, kwa sababu ilikuwa hivyohivyo, Mayala huendesha hivyohivyo. Mama Wilhelmina akashuka, akapanga foleni, akawa analipigapiga furushi matakoni. "Tumeshafika, mama, tumeshafika, tulia."

Kicheko cha Kwandu kilikuwa bado mdomoni alipoutambua ule mkono.

Watu walikuwa wanarudi. Waliitana, "Njooni, njooni mwone!" Wakateremka mbio kwa vumbi, wakamzunguka Luhaga safu tatu, safu nne. Mama Wilhelmina alilibembeleza furushi, akalisifu kwa kutolia, akamwambia jirani wa kwenye foleni kwamba mwanawe ni mpole kuliko watoto wote wa Bariadi. Akamwonyesha jinsi asivyosumbua. Mwisho akalishusha ili alinyonyeshe, akalifunua, akalitazama.

"Ah!" akasema. "Kumbe nimebeba pamba!"

Watu walianguka. Mzee mmoja alikohoa mpaka akashikwa mabega. Wanawake walifuta machozi kwa ncha za khanga. "Tena!" walipiga kelele. "Rudia, mama, rudia!" Naye akarudia, akapanda tena baiskeli, na mara hii walikuwepo wote. Klementina peke yake alikuwa hacheki. Alimtazama Kwandu.

Kwandu aligeuka akatazama upande wa juu. Ombi lake lilikuwa limekubaliwa lote. Januarius alikuwa anaimba, na mbele yake walikuwepo watoto watatu na mlevi aliyelala. Akaimba ubeti mmoja zaidi, akaacha katikati. Kwandu aliungoja moyo ufurahi. Alimwona mtu wa makamo, shati limelowa kwapani, anakunja waya mwenyewe kwa sababu wapigaji wake nao walikuwa wameteremka kwenda kutazama.

Walirudi Sapiwi juu ya lori la Hilali, juu ya pamba. Wengine lorini walikuwa bado wanaigiza: "Kumbe nimebeba pamba!"

Asubuhi Luhaga alimkuta mkewe uani anachambua mchele. Alichuchumaa mbali kidogo.

"Kwandu."

"Nakusikia."

"Uwanja ulikuwa unaondoka."

"Niliuona."

"Ningerudi kubeba spika zake. Ningembebea spika mtu yule."

"Najua."

Luhaga alichora chini kwa kijiti, akafuta. "Hilali anataka twende Maswa Jumatano. Bariadi Ijumaa. Anasema mengine niache, nifanye lile tu."

"Lile lipi?"

Luhaga aliangalia miguu yake. Kwandu aliendelea kutoa mawe kwenye mchele, moja moja, akiyatupa nyuma yake. Alijua akisema asifanye, mumewe hatafanya, na kufikia Alhamisi atakuwa kwa Januarius, anaitwa mbele aombe radhi. Alijua pia kwamba Maswa nzima itaukariri ule mkono wake, na watoto watauigiza wakicheza.

Aliweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na furushi la nguo amelikunja kwa khanga.

"Geuka," alisema.

Luhaga aligeuka. Kwandu alimfunga furushi mgongoni, chini zaidi ya alivyolifunga yeye, akakaza fundo.

"Jana ulipiga kwa mkono wa kulia. Ule wa kulia nilikuwa nimeshikilia nao kiti cha baiskeli, ukafa ganzi. Nilipiga kwa kushoto."

Luhaga alipeleka mkono nyuma, akauweka kwenye furushi.

"Piga," Kwandu akamwambia.

Akapiga kwa mkono wa kushoto, mara tatu.

"Unaharakisha. Polepole. Wakati ule nilikuwa bado sijajua."