Robota Lililokosekana Kisegi

Tulipoipita Magunga, Rispa alizima redio akaniuliza nimetumwa na nani.

"Sijatumwa," nikamwambia. "Nasafiri tu."

"Watu hawasafiri tu kwenda Kisegi."

Alikuwa amenichukua Awendo, ambako lori la miwa lilikuwa limelala ubavu na kuziba barabara, na abiria waliokwama wakawa wanajichagulia miwa bila aibu. Pikapu yake nyeupe ilijua njia ya kuzunguka mashambani. Mwanzoni aliniona mtu wa kusaidiwa. Kisha nikamjibu muuza maji mmoja kwa Dholuo, lugha niliyoiokota Kisumu nikiwa kijana, na tangu hapo akawa ananichungulia kwenye kioo. Mgeni anayejua Dholuo na asiyeuliza bei ya samaki alimtia wasiwasi.

"Kama wewe ni mkaguzi, jitambulishe mapema. Mimi sifichi kitu."

Mtu akisema hafichi kitu kabla ya kuulizwa, msikilizaji huanza kutafuta. Nami nikaanza.

Rispa ni mtaalamu wa mazingira wa kampuni ya ujenzi yenye mjengo mmoja Migori na mwingine Kisegi. Kazi yake ni taka. Kabla ya jembe la kwanza kugusa ardhi, huandika mpango: vifusi vitamwagwa wapi, mifuko ya saruji itafanywa nini, mafuta machafu ya jenereta yatawekwa ndani ya nini, wafanyakazi watajisaidia wapi. Baada ya hapo huwafuata wote nyuma nyuma kuona kama mpango unafuatwa, maana leseni ina jina lake, si la mkandarasi. Baba yake alikuwa mpima miwa kwenye mizani. "Nilikua nikimsikia akiitwa mwizi, tena kwa adabu," aliniambia. "Kila mkulima aliamini miwa yake ni mizito kuliko ile mizani ilivyosema. Kwa hiyo mimi nimezoea kutoaminiwa. Kuamini ndiko sijazoea."

Kilichompeleka Kisegi siku hiyo hakuniambia hadi tulipoanza kuliona ziwa. Kampuni ilikuwa imebomoa ghala la zamani la pamba ili kujenga chumba cha barafu cha samaki. Ghala lilikuwa na paa la asbesto, yale mabati ya kijivu ambayo vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki, na mtu anaweza kuugua miaka mingi baadaye akiwa amekwisha sahau mjengo wenyewe. Sheria haitaki yatupwe ovyo. Yanaloweshwa maji, yanafungwa marobota kwa nailoni mara mbili, yanapakiwa kwenye lori lenye kibali na kufukiwa kwenye shimo lililoidhinishwa, upande wa Migori. Rispa alisimamia kufunga kwa mikono yake. Siku ya kupakia, Jumamosi, aliitwa Migori. Lori lilipofika kwenye shimo, robota moja halikuwamo.

"Jumatatu mkaguzi anakuja," akasema. "Nikiweka sahihi kwamba yote yamefukiwa na hayajafukiwa, nimeuza leseni yangu. Nisipoweka, mjengo unasimamishwa, na nitaulizwa nililinda nini."

Mjengoni watu walitupokea vizuri kupita kiasi. Msimamizi, Elkana, mwanamume mpana mwenye sauti ya kwaya, alikuwa ametuwekea viti kivulini.

"Karibu madam, nyar Awendo!" akasema, yaani binti wa Awendo. "Na huyu mzee?"

"Anasafiri tu," Rispa akasema, kwa namna iliyowafanya wote wanitazame.

Akawauliza kuhusu robota mmoja mmoja. Kila mmoja alisema lori liliondoka limejaa. Mlinzi alitumia maneno hayo, mchanganya zege akayatumia, na fundi wa chuma pia, hata akaongeza, "Limejaa, madam, hadi springi zikalia," na wenzake wakacheka kwa pamoja kama watu waliokuwa wakiusubiri mzaha huo. Nimewahi kuketi na mashahidi katika nchi kadhaa. Wakweli hubishana.

Rispa aliona nilichoona, lakini shaka yake ilielekea kwingine. Alinichukua hadi sokoni, kwa Abdurahman, mnunuzi wa vyuma chakavu, aliyetoka Wajir zamani na bado akiitwa mgeni.

"Nimekungoja tangu asubuhi," Abdurahman akasema, akimimina chai. "Kitu kikipotea Kisegi, lazima kipite mlangoni kwangu kwanza. Hata ng'ombe."

"Ulinunua mabati yangu?"

"Dada, mimi napima kwa sumaku. Mabati yako sumaku haiyataki. Ningeyafanyia nini? Ningeyatandika?" Akamsukumia kikombe. "Badala ya kuniuliza mimi, uliza kwa nini Jumamosi mji mzima ulikosa fundi. Mlango wangu ulivunjika, nikaambiwa mafundi wote wako kwa Elkana, anahamia dala lake."

Rispa hakukigusa kikombe.

Nje ya duka alinieleza, akitembea haraka. Mwanamume Mjaluo akitoka kwa baba yake kwenda kuanzisha dala, yaani boma au mji wake mwenyewe, huenda alfajiri na jogoo, shoka na moto, na nyumba ya kwanza husimamishwa ndani ya siku moja. Jua likizama lazima iwe na paa, maana usiku huo atalala humo na mkewe. Wengi wameacha, wa ukoo wa Elkana hawajaacha.

"Mtu akihama hivyo hualika hadi anaowachukia," akasema. "Mimi ni mkubwa wake kazini. Kwa nini hakunialika?"

Dala la Elkana lilikuwa juu ya kilima, nyuma ya soko. Ua ulikuwa mbichi bado. Nyumba nyingine zote pembeni zilimeta kwa mabati ya chuma. Ya Elkana ilikuwa na paa la kijivu lisilorudisha mwanga, na juu yake kijiti kimesimama, alama ya kwamba mwenye mji yu hai. Mkewe, Joyline, alitukaribisha huku akifagia sebule. Chini ya mashimo ya misumari palikuwa na unga wa kijivu, na kila alipopitisha ufagio unga ulipanda, ukatua tena juu ya godoro la mtoto.

"Mama, acha kufagia," Rispa akasema taratibu. "Mchukue mtoto, tokeni nje."

Elkana alifika akihema. Mtu alikuwa amempigia simu. Alipomwona Rispa uani hakujaribu kukana.

"Mabati niliyoagiza hayakufika, madam. Saa tisa, nyumba ni mbao tupu. Kurudi kwa baba siwezi, nimekwisha toka. Ningefanya nini?"

"Niliwafundisha! Nilisimama mbele yenu nikasema hii ni sumu!"

Elkana akainamisha kichwa, kisha akakiinua. "Ulisema. Lakini, nyar Awendo, nani hufunga sumu kwa nailoni mara mbili, na gundi, na kuagiza isidondoshwe? Saruji nzuri tunairusha. Mabati ya zamani unayabeba kama mayai. Na lori linaelekea njia ya kwenu." Akatazama pembeni. "Tulijua unajenga nyumba yako Awendo. Tukasema, basi na sisi tupate robota moja. Mwizi hawezi kumshtaki mwizi."

Nilidhani Rispa angepiga kelele. Aliketi juu ya gogo. Yale maboksi yote ya barakoa, mikanda ya onyo, ile bidii ya kufunga. Wote walikuwa wameitazama wakaona mwanamke anayeiba kwa utaratibu.

"Wote mlifikiria hivyo?"

"Hata mlinzi," Elkana akasema. "Yeye alikusifu."

Kisha akasogea, akashusha sauti. Ilikuwa rahisi, alisema. Madam aandike kwamba robota lilipasuka likafukiwa Migori na mengine. Wafanyakazi wote wangesema hivyo hivyo. Naye paa lake lisiguswe, maana paa la mwenye mji hushushwa akifa. "Ukishusha kile kijiti, umenizika nikiwa nimesimama."

Nilimtazama Rispa, na sitadanganya, sikujua angechagua lipi. Leseni yake ilikuwa salama katika uwongo ule. Yeye alikuwa akimtazama Joyline akimpangusa mtoto nywele kwa pindo la leso, na leso ikitoka na vumbi.

Akachukua simu. Aliongea Kiswahili cha ofisini, bila kupamba: robota lilipatikana, limeezekwa, watu wamelala chini yake, usimamizi ulikuwa wangu. Alisikiliza muda mrefu. Alipokata, alituambia mjengo umesimamishwa na yeye anatakiwa Homa Bay jioni hiyo kujieleza, na leseni yake aende nayo.

"Watakuja watu wenye kibali," akamwambia Elkana. "Mabati yatashuka yakiwa yameloweshwa, moja moja. Kijiti kitabaki kwenye mbao, nitawaambia mwenyewe. Leo mlale kwenye kibanda cha jikoni. Ni ndani ya ua wako, hujatoka."

"Na kazi yangu?"

"Yangu sijui, nitajuaje yako?"

Aliponikaribia nilidhani ananiita twende. Akanitolea mkoba wangu garini.

"Utakaa hapa hadi wafike. Nikiondoka wataling'oa paa hili wenyewe na kulificha, halafu nitaonekana mwongo."

"Unaniamini?"

"Hapana. Lakini huna ndugu Kisegi." Akaingia, akafunga mlango, akashusha kioo. "Mtu akigusa bati hata moja, nipigie. Hata kama ni wewe umeligusa."

Pikapu ilishuka kilima ikielekea barabara ya Sindo. Elkana hakuitazama. Alisimama langoni mwa mji wake mpya akinitazama mimi.