Chupa Nilizozifungulia Hewa

Mimi Baluku, mkata chumvi wa Ziwa Katwe, nilikuwa nimepewa kazi ya kubeba chupa za Daktari Masika, mama mtafiti wa maji. Kule chini ziwani, alinieleza, oksijeni ikiwa haba vijidudu hutengeneza gesi inayoongeza joto duniani. Gesi hiyo ndiyo aliyotaka kupima. Alijaza chupa maji ya ziwa pomoni, akazifunga.

Sisi bushera, uji wetu wa mtama uliochacha, hatuusafirishi umefungwa kabisa, utapasua chupa. Basi mjuaji mimi, njiani nikalegeza vifuniko vyote.

Tulipofika mjini Kasese nikajisifu: "Daktari, usiogope, chupa zote nilizifungulia hewa!"

Akainua moja, akaitazama. "Baluku, sasa gesi yangu iko wapi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Namshukuru mama yule mpaka leo, kwani alinipa chupa tupu, akawasha gari. "Panda, turudi ziwani. Sasa utafunga wewe."