Mawe Meupe ya Barabara ya Elburgon

Baba alikuwa nyapara wa genge la barabara ya kwenda Elburgon, na mwaka mzima aliomba kitu kimoja: bomba pana la kupitishia maji chini ya barabara, pale mtoni. Lililokuwepo lilikuwa jembamba. Viwanda vya kupasua mbao vilitupa magome mtoni, magome yakaziba bomba, na kila mvua kubwa watu wake waliingia majini hadi kiunoni kuyazibua kwa mikono, mafuriko yakiwasukuma mgongoni. Hawakuwa na buti wala kamba. Majembe walikuwa nayo, ila hayakutosha.

Badala ya bomba aliletewa chokaa. Bwana mkubwa, Mzungu wa serikali ya kikoloni, alikuwa apite kutoka Nakuru, kwa hiyo ofisi ikaagiza mawe ya kando ya barabara yapakwe. Genge likaacha mashimo, likapaka mawe. Wakubwa wamebadilika tangu wakati ule, lakini mpaka leo nikiona mawe yamepakwa chokaa najua kuna mgeni anakuja na mahali fulani kuna bomba limeziba.

Nilikuwa likizoni kutoka chuo kikuu Kampala, nikisomea uchumi, na kila siku nilikwenda kuwaeleza wale watu, kwa maneno marefu, kwamba hayo ni matumizi mabaya ya fedha za umma. Walinisikiliza kwa adabu. Mmoja wao, mtu wa utani, aliyekuwa wa kwanza kuingia majini siku zote kwa sababu ya urefu wake, alinipa brashi.

"Profesa," akasema, "eleza huku mkono ukitembea."

Gari la bwana mkubwa lilisimama pale pale mtoni. Alishuka akatazama mistari ya mawe.

"Nyapara, kazi mzuri sana."

Kiswahili chake kilitosha sifa na amri. Kwa maombi alihitajika mkalimani, yaani mimi. Baba alivua kofia.

"Mwambie bomba hili halimezi magome. Mwambie mvua ikija, ni hawa watakaosimama humo ndani."

Nilitafsiri vizuri mno. Niliongeza habari za mtaji na faida ya muda mrefu, mpaka Baba akanitazama, akishangaa jinsi maneno yake yalivyorefuka. Bwana mkubwa akajibu kwamba fedha za bomba hazipo. Baadaye tukaletewa pipa jingine la chokaa.

Masika yalifika. Yule mrefu aliingia wa kwanza, kama kawaida. Gogo lilikuja na maji, likambana nyonga kwenye mdomo wa bomba. Wenzake walimtoa akiwa hai. Jioni ile barabara yenyewe ilikatika, malori ya mbao yakakwama yasiweze kufika stesheni. Hapo fedha zikapatikana. Zilikuwa zimejificha wapi, sijui. Bomba jipya, pana kiasi cha mbuzi kupita bila kuinama, lilifika kabla matope hayajakauka.

Yule mrefu hakushika jembe tena. Baba aliwasumbua watu wa ofisi mpaka wakampa kazi ya kukaa: kupaka mawe. Niliporudi likizo iliyofuata nilimkuta kando ya mto, mguu ameunyoosha, kopo la chokaa mapajani.

"Profesa, hebu chungulia. Linameza?"

Nikainama. Magome yalikuwa yakipita.

"Linameza."

"Hata kabla ya masika lingemeza," akasema, akachovya brashi.