Sawa Niliyoitamka

Mimi kijicho ninacho, sifichi. Nimezaliwa Kisauni, hatua chache kutoka mkono wa bahari, na nilikuwa nimewatembeza wageni kwa kayaki miaka minne kabla ya yule dada wa bara kuja. Kuogelea kwenyewe kajifunzia kwenye bwawa la hoteli! Lakini akipinduka, anainuka na kayaki yake hujawahi hata kusema loo. Wageni wanampigia makofi. Tajiri wetu akatangaza anatafuta kiongozi mmoja wa misafara, na macho yote kwake. Wallahi roho iliniuma.

Sisi tuna desturi yetu. Kayaki ina vyumba viwili vya hewa, mbele na nyuma, kila kimoja na kifuniko cha mpira, na hewa hiyo ndiyo inayokuweka juu ya maji. Vyako hukagui wewe, maana utavipitia juu juu. Anakukagulia mwenzako: anabonyeza ukingo wote, kisha anasema "sawa". Bila sawa yake hutoki.

Siku ya kujaribiwa tuliambiwa tuvuke ng'ambo na kurudi, tajiri akitutazama ufukweni. Nikainamia kifuniko cha nyuma cha yule dada. Upande mmoja ulikuwa umenyanyuka, kidole kingepita.

"Sawa," nikasema.

Nilitaka aaibike tu, basi. Tulipofika katikati, maji yakipwa kwa kasi, mkia wa kayaki yake ukadidimia, akapinduka. Mara hii hakuinuka nayo. Aliibuka pembeni akikohoa, midomo imempauka, na maji yanatuvuta sote kuelekea bahari kuu.

"Shika kayaki yangu, dada! Usiiachie!" nikampigia kelele.

Chumba kikijaa maji kayaki haiinuliki kwa pupa, utapinduka na wewe. Yeye akaning'inia puani mwa kayaki yake, ile ncha ya mbele, ili mkia upande, mimi nikaupakata kidogo kidogo, kifuniko nimekitoa, mdomo wa chumba umetazama chini, maji yakimwagika mapajani mwangu. Nilikuwa nalia, naye akadhani ni hofu. Tukaigeuza, nikakibana kifuniko, nikaishikilia imara, akapanda.

Ufukweni tajiri akanishika mkono: uongozi ni wangu. Kisha akamgeukia yeye, akauliza kifuniko kilikuwaje.

"Nilikifunga vibaya mwenyewe," akajibu. "Bila huyu singekuwa hapa."

Nami nikanyamaza. Mdomo huu unaojua kusema!

Kesho yake ilikuwa zamu yake kunikagulia. Akapiga magoti mchangani, akabonyeza ukingo wote wa mbele, wote wa nyuma, akarudia tena.

"Jana nilikuona ukikitazama kifuniko changu," akasema polepole, bila kuinua kichwa.

Akasimama, akajipangusa mchanga, akanitazama usoni.

"Sawa, dada."

Kijicho changu kwake hakijaisha mpaka leo. Ila sasa si cha kayaki, ni cha ile sawa yake.