Wakwe wa Malindi walipokunywa maji ya mfereji wa Garsen

Wakuu, salaam kutoka Garsen. Hii haijapikwa. Asiyeamini aje kwangu nimpe glasi moja, kisha tubishane.

Kwanza mjue mimi ni mbishi. Nyumbani kwangu maji ya chupa hayanunuliwi. Nilichoka kuona chupa tupu zimejaa mitaroni na ng'ombe wa majirani zetu Waorma wakizitafuna. Nikanunua filta ya udongo, nikaiweka jikoni.

Sasa, mto ukijaa, mfereji hapa, yaani bomba la maji ya mto, unatoa kitu chenye rangi ya chai ya maziwa. Hapo ndipo wengi hukimbilia dukani.

Sisi maji hayo tunayatia jiwe la shabu kwenye ndoo, tunaacha tope litulie chini, tunayachemsha, yakipoa tunayapitisha kwenye filta. Mwisho yanaingia kwenye mtungi uliofukizwa ubani, alivyonifundisha bibi yangu wa Kipini. Kazi ni kazi kweli, lakini ukiyanywa unajua umekunywa.

Mdogo wangu Rehema, ninayeishi naye, akapata mchumba Malindi. Baba yetu hayupo tena, kwa hiyo posa ingeletwa kwangu.

Tatizo lilikuwa mama wa kijana. Maneno yalitufikia mapema kwamba hataki mwanawe aoe huku, eti watu wa delta tunakunywa matope. Rehema alikonda kwa wasiwasi, na mimi niliumia sana.

Baba mdogo, ambaye ndiye msemaji wa familia, akanipigia simu.

"Siku ya posa ni maji ya chupa. Usituaibishe na huo mtungi wako."

"Baba mdogo, maji yetu ni safi."

"Safi kwako. Mkwe akiona mtungi, ajua ni mto."

Lakini nilipokata simu nikamwambia Rehema ajaze mtungi. Si nimesema mimi ni mbishi.

Siku ikafika. Baba mdogo akaleta katoni zake za maji kutoka Tarasaa nyuma ya pikapu, jua la saa saba likizipiga njia nzima. Nyumbani nako stima ikapotea, friji ikabaki kabati tu.

Wageni wakaingia wamekauka kwa safari. Kwetu mazungumzo hayaanzi mpaka mgeni anywe maji. Baba mdogo akagawa chupa mwenyewe, kifua mbele.

Mama wa kijana akapiga funda moja, akafunga chupa, akaiweka chini ya kiti. Wenzake vivyo hivyo. Maji yalikuwa ya moto, yananuka plastiki.

Hakuna aliyekunywa, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuanza. Rehema alikuwa mlangoni mwa jikoni, machozi yanamlengalenga.

Nikachota glasi mtungini, nikaanza na mama wa kijana mwenyewe.

Akanywa yote bila kupumzika. "Niongeze," akasema. Glasi ya pili akainywa polepole.

"Haya maji mwayanunua wapi?"

Baba mdogo akaanza kukohoa. Wakuu, kudanganya kulikuwa rahisi.

"Hatununui, mama. Ni ya mfereji."

"Mfereji huu wa mto?"

"Huo huo. Karibu uone."

Akainuka. Jikoni nikamwonyesha ndoo, shabu, filta. Akafungua mfereji, akatazama ile rangi ya chai. Akainama akanusa mtungi. Kisha akamgeukia Rehema.

"Na wewe wajua kufanya haya?"

"Hayo uliyokunywa niliyachuja mimi, mama."

Mama alirudi sebuleni, akakaa, akawaambia watu wake, "Haya, anzeni."

Kabla ya alasiri posa ilikuwa imekubaliwa. Nilipiga kigelegele mpaka sauti ikakauka.

Wakati wa kuondoka, mama akaitoa chupa yake chini ya kiti, akamwaga yale maji kwenye mche wa ndimu, akampa Rehema chupa. "Nijazie ya njiani, mwanangu."

Wenzake wakapanga foleni. Aliyewafungulia vizibo ni baba mdogo mwenyewe, na mtungi ukaisha.

Nilichojifunza ni kwamba mgeni anaheshimiwa kwa kazi uliyomfanyia, chupa haiongezi kitu. Na ukiulizwa, sema ukweli hata kama mkwe amekukazia macho.

Haya, nanyi mnamkaribisha mkwe kwa maji gani? Mwageni maoni. Ila baba mdogo yumo humu jukwaani, msimwonee. Juzi amekuja kuuliza filta inauzwa wapi.