Filimbi ya Mwalimu Paskali Iko Kwangu

Nimeisoma taarifa ya msiba labda mara ishirini tangu juzi, na kichwa bado kinagoma. Mwalimu Paskali wa Endabash, mwalimu wangu wa filimbi, amefariki Jumatatu asubuhi. Ni nyati. Kwenye njia ileile aliyopita kila siku kwenda shule.

Naandika nikiwa kazini, hapa front office ya hoteli, na sina majonzi peke yake. Naogopa. Tafadhali someni mpaka mwisho, hasa mlio Endabash.

Kwa msiomjua: alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kila Jumamosi alikuja kufundisha filimbi kwenye ukumbi wa kanisa hapa Karatu mjini. Nilijiunga nikiwa na miaka thelathini na mmoja. Wenzangu walikuwa watoto wa darasa la tano, na walinicheka bila huruma.

Siku ya kwanza hatukushika filimbi kabisa. Alitumiminia chai ya maziwa, akasubiri utando ushike juu, akatuambia tuusogeze ukingoni kwa pumzi bila kumwaga. Nilimwaga. Katoto ka mbele yangu hakakumwaga hata tone.

Filimbi yake aliichonga mwenyewe, ya mti, imelika kidogo pale anapowekea mdomo. Aliifuta kwa kipande cha khanga ya mkewe, Mama Flora. Vumbi letu jekundu mnalijua.

Tukimuudhi hakugomba. Alipiga tu lile zoezi tulilokosea, polepole, tena na tena, mpaka aibu ituingie wenyewe.

Kutoka kwake mpaka shuleni kuna kipande cha njia kinachopita ukingoni mwa msitu. Wengine wanazunguka barabarani. Yeye alikata palepale, akipiga filimbi mwanzo hadi mwisho, wimbo mmoja kila siku. Nilimuuliza kwa nini habadilishi. Akasema wanyama wameshauzoea, akibadilisha watadhani kapita mgeni.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Usinione jasiri, dada. Napiga kwa sababu naogopa. Nyati hana shida na mtu, ila hapendi kushtuliwa."

Sasa linakuja lile ninalolikwepa.

Wiki iliyopita filimbi yangu ilipasuka, na boss alikuwa ameshaahidi group la wageni muziki wakati wa dinner. Jumamosi, baada ya watoto kuondoka, nikamwomba Mwalimu aniazime yake. Akanipa hapohapo. Nikamwahidi Jumapili jioni itakuwa mkononi mwake.

Jumapili nilitoka shift miguu imevimba. Nikamwandikia kwamba nimechoka, nitaileta Jumatatu. Sikumdanganya, nilikuwa nimechoka kweli, lakini bodaboda zilikuwepo pale getini. Akajibu: "Haina shida dada. Kesho nitatembea haraka tu."

Ujumbe huo umo kwenye simu hii ninayoandikia. Siwezi kuufuta na siwezi kuufungua.

Najua mtasema angeweza kuimba, au kupiga mluzi. Alikuwa na mafua wiki nzima, sauti imekauka. Huenda aliimba hivyohivyo. Huenda hata filimbi isingesaidia siku ile. Nimejifariji kwa maneno hayo tangu juzi na hayanisaidii kitu.

Leo asubuhi mdogo wake, Daniel, kanipigia. Mama yao amekataa katakata mwanawe azikwe bila filimbi yake. Kwa hiyo juzi na jana ndugu na majirani wameingia porini, wanapekua majani pale alipoangukia. Askari wa wanyamapori wamewaonya kwamba yule nyati hajulikani alikoelekea, anaweza kuwa humohumo. Hawasikii la mtu. Akaniuliza kama labda Mwalimu aliisahau ukumbini Jumamosi.

Nikasema sidhani.

"Basi iko kule kule," akasema. "Tumefika mpaka korongoni, dada. Kesho asubuhi na mapema tunaingia tena."

Muda wote huo filimbi ilikuwa kwenye droo, hapa karibu na goti langu. Nikamwambia poleni, muwe waangalifu, nikakata simu. Kisha nikampokea mgeni, nikamfanyia check-in, nikatabasamu.

Jumapili nilikuwa nimechoka. Leo nilikuwa mwoga tu. Niliogopa nitakavyotazamwa, na kwa hofu hiyo nikawaacha watu wapange kwenda kufa.

Nimempigia tena mara tano, hapatikani. Nimeomba off, boss kanipa, bodaboda inanisubiri nje. Naandika hapa mbele ya watu wote kwa sababu najijua. Nikifika msibani nikamkuta Mama Flora amekaa chini kwenye mkeka, nitamshika mkono, nitasema pole, na nitarudi Karatu na filimbi kwenye mkoba. Nikishaandika hapa sitaweza tena.

Kwa hiyo, yeyote aliye Endabash mwenye simu yenye chaji, nenda kamwambie Daniel sasa hivi. Mtu asiingie porini kesho. Filimbi haipo huko na haikuwepo siku ile. Iko kwangu. Ninaileta leo kabla jua halijazama.

Mama Flora, sijui utanipokeaje. Ukinifukuza nitaelewa, ila filimbi uipokee. Na Mama mzazi wa Mwalimu, nitapiga magoti mbele yako, sina namna nyingine.

Mwalimu wangu, kwa miaka minne hukunidai kitu isipokuwa kufika kwa wakati. Nimechelewa, na kuchelewa kwangu kumekuondoa. Nisamehe kama inawezekana huko uliko.

Lala kwa utulivu, Mwalimu. Kesho asubuhi ndugu zako watakuwa nyumbani.